Mtini Uliopumzishwa

Bi Hamdiya, mke wa Marhun mwenye duka huko Amani mlimani, alikuwa na sifa moja iliyokubaliwa na kila aliyemjua: hakupata kumwambia mtu neno la kumuudhi. Ni sifa nzuri, na husemwa sana matangani. Kwa matumizi ya siku zote ina hasara zake, na hasara ya Bi Hamdiya ilikuwa na shina, matawi, na majani mapana kama kiganja.

Alizaliwa Moa, kule karibu na mpaka wa Kenya, katika ukoo wa Kimanga uliokuwa umebakiwa na minazi michache na kumbukumbu nyingi. Uani kwa shangazi yake palikuwa na mtini, mti wa tini hasa, si mkuyu wa porini, ulioletwa kutoka Omani na babu fulani. Kila mwana ukoo alikuwa na babu yake tofauti katika kisa hicho. Mtini ule uliishi kwa ubishi. Joto la Moa lina unyevu na chumvi, na tini zake zilitoka ngumu kama vifungo vya koti. Hata hivyo haukukatwa, kwa sababu tini ni tunda la baraka, na hakuna aliyetaka asemwe kuwa yeye ndiye aliyeshika shoka.

Alipoolewa na Marhun bin Badr wa Tanga, Hamdiya alipata habari kwamba hatakaa Tanga. Baba mkwe alikuwa amefungua duka mlimani, kando ya shamba la chai, na alihitaji mtoto wa kumweka huko. Marhun hakuwa mbishi, kwa hiyo akawekwa. Bibi harusi akapanda lori na masanduku yake, pamoja na kijiti cha mtini kilichoviringishwa katika gunia bichi. Shangazi yake alimpa kijiti hicho kwa maneno mafupi: huko kuna baridi, labda kitakufa, lakini na hapa kinakufa vilevile.

Hakikufa. Nyumba ya duka ilikuwa ya zamani, ya mawe, na nyuma ya jiko palikuwa na birika la maji lililopasuka, la tangu wakati wa Mjerumani. Hamdiya akalijaza udongo, akapanda humo. Majirani walicheka, kwani mlima mzima ulikuwa udongo mweusi wa bure na huyu mgeni kutoka pwani anaupima kwa birika. Lakini yeye alikuwa ameona Moa kwamba mtini ukipewa nafasi hutembea. Mizizi huenda hadi kwa jirani kutafuta maji, na mti unaotembea hauoni haja ya kuzaa. Birika liliubana. Ukuta wa jiko, wenye moto upande wa pili kutwa nzima, uliupa joto ambalo Amani haikuwa nalo. Na kwa kuwa udongo wa mlimani ni mchachu, Uweso, dereva wa lori lililopanda kutoka Tanga, alikuwa akimletea maganda ya chaza kwa gunia, naye akayatwanga na kuyachanganya na majivu. Uweso alieneza habari kwamba mke wa Marhun anapikia mti.

Jambo kubwa zaidi lilimchukua miaka kulijua. Mtini huzaa mara mbili. Uzao mmoja hutoka kwenye machipukizi mapya wakati wa masika, na katika nchi za joto huo ndio mavuno. Amani uzao huo haufiki popote, kwani baridi ya Juni huukuta ungali kijani, nao huozea papo hapo. Uzao mwingine hukaa kwenye ncha za matawi ya mwaka uliopita. Ni vijicho vidogo kama pilipili manga, ambavyo hulala kipupwe chote bila kukua na bila kuanguka. Jua likirudi huamka, na kufika Januari huwa tini laini, za zambarau, zinazopasuka kidogo kwa utamu wake zenyewe. Basi katika nchi ya ukungu, mwenye kutaka mavuno ya uhakika huzing'oa zile kijani zisizo na matumaini, na huzilinda ncha. Ncha ndiyo mavuno. Bi Hamdiya hakuigusa hata moja, na kuku aliyelala juu ya mti ule alichinjwa kesho yake.

Kikapu cha kwanza kilipojaa alikituma Tanga kwa mama mkwe wake, Bi Fakhria.

Hapa inafaa isemwe wazi kwamba Hamdiya na Marhun hawakuwa na mtoto. Mwaka wa kwanza Bi Fakhria aliuliza kwa upole, wa pili kwa dawa, na wa tatu alianza kutaja majina ya mabinti. Kisha tini zikafika. Bi Fakhria aliwagawia wageni wake moja moja kwa mkono wake mwenyewe, kama anayetoa hirizi, akisema kuwa hizi ni za mkaza mwanawe, zimeivia mlimani kwenye ukungu, na nyie wenye wakwe hapahapa mjini mnaletewa nini? Mwanamke aliyesema hivyo mbele ya watu alasiri hawezi kumwambia mwanawe jioni yake aoe mwingine. Ikawa kila Januari kikapu kinashuka, na kila Januari suala la mtoto linasogezwa hadi Januari ijayo. Hamdiya alilijua hilo. Marhun alilijua. Hata Uweso alilijua, na kwenye kona mbaya za kuteremkia Muheza alikikumbatia kikapu kwa mkono mmoja kama mtoto mchanga na kuendesha kwa mkono wa pili, jambo ambalo abiria wake hawakulifurahia.

Mambo yalikwenda hivyo hadi kipupwe cha mwaka 1952, Marhun aliposhikwa na kichomi. Mvua ilikuwa imekata barabara. Lori halikuweza kupanda, na mgonjwa alikuwa ameanza kuzungumza na watu wasiokuwapo. Aliyetokea ni Zebedayo.

Zebedayo alikuwa Mbena wa nyanda za kusini, Mlutheri, mwenye mke aitwaye Dorkasi na binti aitwaye Ruthi. Aliletwa Tanga kwa mkataba, pamoja na manamba wengine, kukata mkonge, na akahamia chai kwa hoja kwamba chai haichomi. Huko akawa mpogoaji, tena wa kwanza katika shamba zima. Alipopita na kisu chake, chai ilibaki sawa kama meza, na mnyapara aliwaleta wageni kuitazama. Hakuwa na undugu na Marhun zaidi ya kununua chumvi kwake. Lakini alikusanya wenzake watatu, wakafunga machela, wakambeba Marhun katika tope lile hadi Muheza, Hamdiya nyuma yao kwa miguu, kanga zake zimejaa udongo mpaka kiunoni. Daktari aliyempokea alisema wangechelewa kidogo tu, wangekuwa wamemleta kwa wachimba kaburi.

Marhun alilazwa muda mrefu, na Hamdiya alikaa naye. Zebedayo akajitolea kulinda duka. Sasa, mtu mwenye kisu akikaa mahali hana kazi, jicho lake hutafuta. La Zebedayo lilitafuta na kuona, nyuma ya jiko, mti ulioota ovyo, tawi huku na tawi kule, kama nywele za aliyefiwa. Aliwahurumia wenye nyumba. Walikuwa na ugonjwa, wangewezaje kuangalia mti?

Waliporudi, mtini ulikuwa sawa kama meza.

Marhun, ambaye alikuwa bado dhaifu na machozi yake yakiwa karibu, alimshika Zebedayo mikono yote miwili. Hamdiya alisimama mbele ya birika. Ncha zote zilikuwa chini, zimefagiliwa vizuri pembeni, na vijicho vyake vikiwa vimeanza kunyauka. Zebedayo alikuwa akimtazama kama mtu anayengoja kusikia.

"Ahsante, Baba Ruthi," akasema. "Umeusafisha."

"Kazi ndogo hiyo, Bibi. Nitakuwa nauangalia kila mwaka. Msihangaike."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Neno lenyewe halikuwa refu: mti huu usiukate ncha. Mtu yeyote angelisema, na Zebedayo angejipiga paji la uso, akaomba radhi, wakacheka. Lakini mume wake alikuwa hai amesimama kando yake, na aliyesababisha asimame ni huyu mwenye kisu. Hamdiya aliona aibu kulitaja tunda mbele ya roho ya mtu. Akaenda kuchemsha kahawa.

Januari hiyo alituma Tanga kikapu cha iliki. Bi Fakhria akajibu kwa kinywa cha Uweso kwamba anashukuru, ila iliki anayo dukani. Uweso alikuwa na uaminifu usio na huruma katika kufikisha maneno. Aliyashika kama alivyopewa, na sauti yake, na hata kikohozi kilichokuwa katikati.

Hamdiya akamwomba mumewe aseme yeye, mwanamume kwa mwanamume.

"Nimwambie nini?" Marhun akauliza. "Mtu amenibeba mabegani toka hapa hadi Muheza, leo nikamwambie mkono wake mbaya?"

"Sikusema mbaya."

"Basi mwambie wewe hilo ulilolisema."

Marhun hakuwa mtu mkali, na hakuyasema hayo kwa ukali. Alikuwa tu mtu aliyependa mambo yajimalize yenyewe, na kwa kawaida yalijimaliza, ingawa si kwa namna aliyoitaka.

Julai iliyofuata Zebedayo alitokea Jumapili, ametoka ibadani, amevaa koti lake la kanisani na kisu kimefungwa katika kitambaa cheupe. Hakutaka malipo ya aina yoyote. Hamdiya alikuwa amejiandaa. Aliamua kusema, na aliamua kusema kwa namna ambayo wanawake wa pwani husema, yaani kwa fumbo. Pwani fumbo humfikia mlengwa kabla halijamaliza kutamkwa. Mtu anaweza kuvunja uchumba kwa kusifu rangi ya kanga.

"Baba Ruthi," alisema, "mti huu nao una haya zake. Ukivuliwa nguo mbele za watu, hauzai."

Zebedayo alicheka sana. Hata chai, alisema, siku ya kwanza huona haya, ya pili hujizoelea. Akautandika meza.

Ubena hawakuwa na mafumbo ya namna hiyo, au walikuwa nayo yao, kwa Kibena. Zebedayo alijifunza Kiswahili kambini, ambako mtu akitaka uondoke hukwambia ondoka. Kila neno la Hamdiya alilipokea lilivyo, kama anayepokea chenji, na akamrudishia tabasamu.

Januari ya pili bila tini, Bi Fakhria hakurudisha shukrani. Uweso alisimamisha lori mbele ya duka, akazima moto, akashuka, jambo lililoonyesha kuwa mzigo aliobeba ni mzito.

"Bi Hamdiya, nimetumwa. Usinikasirikie."

"Mjumbe hakasirikiwi, Uweso. Sema."

"Bi Fakhria anasema, mti ukikaa na mtu sana huchukua tabia yake."

Hamdiya akauliza kama kuna jingine. Uweso akasema hapana, ni hilo tu, ila Bi Fakhria alilirudia mara mbili kuhakikisha mjumbe amelishika. Kisha akapakua magunia ya sukari kwa haraka isiyo ya kawaida yake.

Toka hapo Hamdiya alijua kuwa Januari moja ndiyo iliyobaki. Marhun alikuwa ameanza kushuka Tanga mara kwa mara, na kurudi na mashati yaliyopigwa pasi na mtu asiyemtaja. Kwa hiyo kipupwe cha 1954, Zebedayo alipotokea na koti lake, kitambaa cheupe na mfuko wa zana, Bi Hamdiya alimpokea mlangoni, akakusanya ujasiri wote aliozaliwa nao, ambao haukuwa mwingi, akasema waziwazi. Angalau kwa kipimo chake, yalikuwa maneno ya wazi kuliko yote aliyowahi kumwambia mwanamume asiye wa nyumbani kwake.

"Baba Ruthi, mti huu umechoka. Mwaka huu tuupumzishe."

Uso wa Zebedayo uling'aa.

"Bibi, hilo neno nimelingoja. Niliona, nikasema mwenye mti ni wewe, utasema mwenyewe."

Hamdiya akamshukuru mara mbili. Akaingia jikoni kuchemsha kahawa, na akaongeza iliki, na akatoa halua iliyokuwa imewekewa Idi. Huko jikoni, kupitia ukutani, alisikia sauti ambayo hakuielewa mara moja. Haikuwa ya kisu. Ilikuwa ya msumeno.

Katika shamba la chai, mti uliochoka hupumzishwa. Wapogoaji wote walilijua neno hilo, na liliandikwa hata kwenye ubao wa kazi wa mnyapara: leo kupumzisha, kiunga cha chini. Maana yake ni kuukata hadi magotini, ubaki kisiki na vidole vyake, ili uanze upya na majani mengi zaidi. Ni kazi ya wanaoaminika, kwani anayekosea huua mti. Zebedayo hakukosea. Hamdiya alipotoka na sinia, mtini ulikuwa umepumzika. Ulibaki na urefu wa mtoto anayeanza kutambaa, na utomvu wake mweupe ukitiririka kwenye jiwe la birika.

"Mwaka ujao utaniambia," alisema Zebedayo akijifuta jasho. "Yatatoka majani hujapata kuona."

Mtu mwingine angelia, au angeurusha ule msumeno juu ya paa. Bi Hamdiya aliweka sinia juu ya ukingo wa birika.

"Kunywa kahawa, Baba Ruthi," akasema. "Inapoa."

Kweli, majani yalitoka ambayo hajapata kuona.

Marhun alioa katikati ya mwaka uliofuata, binti wa watu wa Ushongo, mpole, ambaye hakumtendea Hamdiya ubaya wowote, na hilo nalo halikusaidia. Alimjulisha Hamdiya wakiwa dukani, akipanga upya vibiriti vilivyokuwa vimepangwa vizuri tayari. Mama amesema, alieleza. Hamdiya alijibu kuwa mama asikilizwe. Kisha wakahudumia mteja aliyetaka mafuta ya taa. Kabla ndoa haijatimiza mwaka mtoto alizaliwa Tanga, mwanamume, na Marhun akawa anapanda mlimani mara moja kwa mwezi kuangalia hesabu, kisha mara moja kwa miezi kadhaa, akilala chumba cha mbele kama mgeni aliyeheshimika. Duka likawa la Hamdiya kwa jina la mumewe. Aliliendesha vizuri. Wateja walipenda kununua kwake kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu kuwa kitu hakina ubora, alisema tu kuwa kingine kinakuja Alhamisi.

Na Zebedayo aliendelea kuja. Mtu anaweza kuuliza kwa nini hakuambiwa hata wakati huo, maadamu kilichohofiwa kimekwisha tokea. Jibu ni kwamba neno lilikuwa limekua. Mwaka 1952 lilikuwa ushauri kuhusu mti. Sasa lingekuwa mashtaka: umenikatia mume. Na aliyeshtakiwa ni mtu aliyekuja kila mwaka na koti la kanisani, bila malipo, akimuulizia Marhun hali ya kifua. Hamdiya alikuwa ameliacha lile neno dogo mpaka likawa kubwa kuliko mlango, na sasa halikuweza kutoka hata angetaka. Hili alilisema mwenyewe baadaye, kwa mmoja wa majirani, akiwa anachambua mchele, kwa sauti ya mtu anayesimulia ajali ya barabarani.

Juni ya 1957 Zebedayo alimaliza kazi. Magoti yalikuwa yamechoka, na Ubena kulikuwa na shamba la baba yake lililokuwa likimngoja au likiliwa na ndugu zake, alitaka kujua ni lipi kati ya hayo. Alikuja kuaga pamoja na Dorkasi, Jumapili, bila kisu. Walikaa uani, kando ya birika, wakanywa kahawa. Mtini ulikuwa umesimama juu yao na majani yake makubwa, na chini ya majani, kwenye ncha, vijicho vya pilipili manga vilikuwa vimekwisha kujitokeza, kama kila mwaka kabla ya Julai.

Zebedayo aliomba kijiti. Alitaka kukipanda kwao, alisema, kwa sababu Ubena kuna baridi kuliko hapa, na ikiwa huu umestahimili Amani utastahimili kule. Hamdiya akaingia ndani akaleta gunia, akalilowesha. Alikuwa anakiviringisha kile kijiti Zebedayo alipoanza kukohoakohoa, kama mtu aliyebeba swali kwa muda mrefu na anaona aibu kulitua.

"Bibi, tumezoeana. Nikuulize kitu ambacho sijapata kuuliza."

"Uliza, Baba Ruthi."

"Miaka yote hii naukata mti wenu, nikisema moyoni watu wa pwani wana akili, wamepata mti wa majani mazuri namna hii. Vile vitunda vyake vya kijani niliviona, nikajua ni vya ndege tu, kama vya mkuyu. Lakini majani yenyewe, mnayafanyia nini?"

Dorkasi akamgusa mumewe begani, kumwambia aache kuchungulia mambo ya nyumba za watu. Zebedayo akasema kuuliza si kuchungulia, na kwamba alinyamaza miaka yote kwa adabu, akiogopa isije ikawa ni siri ya dini yao.

Hamdiya alikaa na gunia mapajani. Mbele yake alikuwa mtu ambaye naye, kwa adabu, hakuuliza. Wawili hao walikuwa wamekaa uani pale Julai moja baada ya nyingine, wakinywa kahawa, kila mmoja akimheshimu mwenzake mpaka mwisho, na kati yao mti ukikatwa.

"Tunayachemsha," alisema hatimaye. "Dawa ya kifua."

Zebedayo akamgeukia mkewe kwa ushindi.

"Si nilikwambia? Ndiyo maana Bwana Marhun hajaumwa tena."

"Ndiyo," akasema Hamdiya. "Ndiyo maana."

Akaifunga kamba. Akaifungua, akaifunga tena vizuri zaidi. Kisha, pengine kwa kuwa Ubena ni mbali, au kwa kuwa kijiti kile hakikuwa na kosa lolote, alijaribu.

"Huu ukiota kwenu, Baba Ruthi, usiukate. Uuache tu."

Zebedayo akacheka, akacheka na Dorkasi, kicheko cha watu wanaopendana na mwenyeji wao.

"Bibi, mimi nimepata kukufundisha wewe kupima sukari?"

Naye Hamdiya akacheka pia, kwa sababu ilikuwa inachekesha, na kwa sababu wageni walikuwa wanaondoka. Walipandishwa lori la Uweso na mabunda yao. Dorkasi alikipakata kijiti. Ikiwa kiliota, basi ipo nyumba huko Ubena ambako wanakunywa majani ya mtini kwa kifua, na mti wenyewe uko sawa kama meza.

Julai ilipita bila kisu. Hamdiya aliung'oa uzao wa kijani uliokuwa unaoza, akatwanga maganda ya chaza, na hakugusa kitu kingine. Vuli ilinyesha, ikakoma. Desemba vile vijicho viliamka, na mwanzoni mwa 1958 mtini ulizaa kwa wingi ambao hata yeye hakuwahi kuuona, kana kwamba ulikuwa umeweka akiba. Tini zilipasukia mtini kwa kuiva. Kima walishuka kutoka msituni, na ilibidi aufunike mti kwa magunia.

Alijaza kikapu, akatandika majani juu, akampa Uweso. Hakutuma neno lolote. Tini zenyewe, aliona, zinatosha.

Bi Fakhria wakati huo alikuwa mzee, amelala kitandani siku nyingi, mjukuu wake akicheza chini ya kitanda. Uweso alimwamkia shikamoo, akamwekea kikapu karibu. Bi Fakhria akaonja moja. Akala ya pili. Kisha akampa maneno ya kupeleka mlimani.

Uweso alifika mbele ya duka akazima moto. Hakushuka. Alizungumza kupitia dirishani, akiutazama usukani.

"Bi Fakhria anasema hivi: Mwambie Hamdiya, kumbe ulikuwa unaweza."

Hamdiya alikuwa akipima unga. Alimaliza kupima, akamfungia mteja, akamuaga. Mteja alipokwenda, Uweso alikuwa bado yupo, kwani alikuwa na desturi ya kungoja jibu. Safari hii aliongeza la kwake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Sema, dada yangu. Yule Mbena amekwenda zake. Mimi nilikuwa namwona kila mwaka na kisu chake. Nitamweleza bibi yote, neno kwa neno."

Na kweli hapakuwa na kizuizi tena. Zebedayo alikuwa mbali, kwao Ubena. Neno lingeweza kusemwa na lisimuudhi mtu yeyote aliye karibu. Hamdiya alifikiri, au alionekana anafikiri, akipangusa unga kwenye mizani. Ila neno hilo lingefika Tanga kama lilivyo, kwa sauti ya Uweso, na chumbani mle lingemkuta Marhun, ambaye alilijua tangu siku ya kwanza na hakumwambia mama yake. Akiwa na mwanawe mikononi, angelazimika kulisikia mbele ya watu.

"Mwambie ndiyo," akasema. "Nilikuwa naweza."

Uweso akawasha gari, akateremka mlimani, akalifikisha jibu hilo.